Ute wa Goti Haujakauka: Maumivu na Vizuizi vya Mazoezi kwa Wenye Ugonjwa wa Viungo

(Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya wazee na familia zao)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioshuka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi, akina mama na akina baba, watumishi wenzangu wa afya, na ninyi vijana mliowashika mikono wazazi wenu hadi humu ukumbini: shikamooni, na kwa wale wa rika langu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponialika aliniomba nizungumzie umuhimu wa mazoezi kwa watu wenye maumivu ya viungo. Mwaliko niliupokea kwa furaha, lakini naomba radhi kwamba mada nitaigeuza kidogo. Umuhimu wa mazoezi mmekwisha kuusikia redioni, kliniki na hata kanisani, na sidhani kama humu yupo mzee ambaye hajawahi kuambiwa afanye mazoezi. Swali linalonisumbua kwa miaka yote niliyofanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, ni jingine: kwa nini mtu aliyeambiwa mara kumi kwamba mazoezi yatamsaidia, na akaamini kwamba yatamsaidia, hayafanyi? Jibu tunalolitoa haraka sisi watumishi wa afya ni kwamba wagonjwa ni wavivu. Mimi mwenyewe nimewahi kulitoa jibu hilo. Leo nataka kulifuta mbele yenu, kwa sababu mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akakata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlima yakiwa kichwani, hana haki ya kuitwa mvivu na mtu anayefanya kazi akiwa amekaa kwenye kiti.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na osteoathritisi, ambao ndio ugonjwa wa viungo unaowapata wengi zaidi, na kati ya hao milioni 365 walikuwa na tatizo la goti. Asilimia 73 ya wagonjwa wote walikuwa wamevuka umri wa miaka 55, na asilimia 60 walikuwa wanawake, jambo ambalo ninyi mnaweza kulithibitisha kwa kuangalia tu nani wamekaa upande ule wa ukumbi karibu na mlango ili wasitembee mbali. Hapa kwetu Kilimanjaro, wataalamu wa hospitali ya KCMC wamefanya utafiti kuhusu ugonjwa huu kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow cha Uskoti, kwa hiyo hatuzungumzii ugonjwa wa Wazungu wala ugonjwa wa watu wa mjini. Tunazungumzia magoti yaliyomo humu.

Sasa kizuizi cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote, hakipo gotini. Kimo katika maneno tunayoyatumia kulieleza goti. Nitayataja matatu.

Neno la kwanza ni baridi yabisi. Yabisi maana yake ni kavu, kitu kigumu kisichopindika, na neno hilo linaeleza vizuri sana hali ya mtu anayeamka asubuhi akakuta vidole au magoti hayakunjiki. Shida imo katika lile neno la mbele, baridi, kwa kuwa jina hilo limekwisha kumtaja mshtakiwa kabla kesi haijasikilizwa. Mtu akiamini kwamba adui yake ni baridi, atajifunga sweta, atakaa jikoni karibu na moto, hatatoka nje asubuhi ya Juni na Julai ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba, na kufikia Agosti atakuwa amekaa miezi mitatu bila kutembea. Ni kweli kwamba wengi huhisi viungo vimekaza zaidi wakati wa baridi, na sina sababu ya kubishana na mtu kuhusu anachokihisi katika mwili wake mwenyewe. Lakini baridi haili kiungo. Dar es Salaam na Tanga, ambako watu hutoka jasho wakiwa wamekaa, kuna magoti yanayouma kama ya hapa.

Neno la pili ni ute. "Daktari, ute wa magoti umekauka," ndivyo ninavyoambiwa karibu kila siku, na mara nyingi mgonjwa huwa amekwisha kuanza tiba: anakunywa maji yaliyolowekwa bamia, au anatafuta makongoro kila Jumamosi. Sina ugomvi na bamia, na supu ya makongoro naipenda kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Ila utelezi wa bamia ukifika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine chochote, na haina barabara ya kutoka tumboni hadi gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando mwembamba uliomo ndani ya kiungo chenyewe. Tena goti lililovimba, ambalo mwenyewe analiita kavu, kwa kawaida lina majimaji mengi kuliko goti zima, ingawa ute huo huwa umekuwa mwepesi na hautelezi kama zamani. Kwa hiyo ute haujakauka, mama yangu. Upo.

Neno la tatu ndilo linalonichoma zaidi kwa sababu limetoka kwetu, wala halikutoka kijijini. Ni neno kusagika. Mtu anapigwa picha ya eksirei, picha inashikwa juu mbele ya dirisha, na mtaalamu anasema, "Mifupa imesagika." Maneno mawili tu, yanayosemwa kwa haraka kwa kuwa foleni ni ndefu, lakini mgonjwa anarudi nayo nyumbani na kuishi nayo miaka ishirini. Hebu tufikirie picha anayobaki nayo kichwani. Anaona mashine ya kusaga mahindi. Anaona mawe mawili yanayosuguana, na kila hatua anayoipiga anahesabu unga unaodondoka. Mtu mwenye akili timamu akiwa na picha hiyo atafanya nini? Atapunguza hatua, azitunze kama mtu anayetunza fedha za mwisho wa mwezi. Huo si uvivu. Ni hesabu sahihi iliyojengwa juu ya habari isiyo sahihi.

Naomba niwape picha nyingine. Mkila kuku, ule mwisho wa mfupa mweupe unaong'aa na kuteleza, ambao watoto hupenda kuutafuna, unaitwa gegedu. Gegedu ni kitu kilicho hai, lakini hakina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ule ute, na namna inavyokipata inafanana na dodoki la kuogea: ukilibana maji hutoka, ukiliachia huyanyonya. Mtu anapokanyaga, gegedu hubanwa. Anapoinua mguu, huachiwa na kunyonya. Goti linalokaa bila kusogea siku nzima ni sawa na mtu aliyewekewa chakula mezani akafungwa mikono. Katika mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujiburudisha walikuwa na osteoathritisi ya nyonga au goti, ilhali kwa wasiokimbia ilikuwa asilimia 10.2, na kwa wakimbiaji wa mashindano asilimia 13.3. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu huenda wengine waliacha kukimbia baada ya magoti kuanza kuuma, na wala simwambii mzee wa miaka sabini aanze mbio kesho. Lakini kama goti lingekuwa mawe ya kusagia, wanaokimbia wangekuwa wa kwanza kuishiwa.

Sitawadanganya kwa upande mwingine pia. Mazoezi hayaoteshi gegedu iliyopotea, na mtu akiwauzia dawa, mafuta au mashine kwa ahadi hiyo, mfungieni pochi. Kinachobadilika kwa mazoezi ni vitu vinavyolizunguka goti, hasa ule msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao ndio unaoshika mwili usianguke mtu anaposhuka mteremko au anapoketi taratibu. Goti likiuma na kuvimba, mwili huupunguzia msuli huo nguvu, kama mtu anayeshusha utambi wa kandili ili taa isitoe moshi. Msuli ukilegea, goti hubeba mzigo bila msaada, likauma zaidi. Likiuma zaidi, mtu hukaa. Akikaa, msuli hulegea tena. Mkitaka kuuona mzunguko huu kwa macho, leo jioni kaeni kitandani mlinganishe mapaja mawili, la mguu unaouma na la mguu mzima. Wengi mtakuta moja limenywea.

Nimesema kwamba neno kusagika limetoka kwetu. Niseme wazi zaidi kwamba limetoka kinywani mwangu. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini alikuja mwalimu mstaafu, mtu makini, aliyekuwa akitembea kila Jumapili kwenda kanisani na kurudi. Nilisoma taarifa ya picha yake, nikamwambia kwa lugha ya kujiamini waliyonayo vijana waliotoka chuoni jana, "Mwalimu, goti limekwisha, usilichoshe." Alinisikiliza kama mwanafunzi mwema. Baada ya mwaka mmoja alirudi akiwa ameshikwa huku na huku na wajukuu wawili. Kanisani alikuwa hafiki tena, ng'ombe wake alikuwa amewagawia watoto, na paja lake lilikuwa nyembamba kama mkono. Picha mpya ya eksirei haikuwa na tofauti kubwa na ile ya kwanza. Goti lilikuwa lilelile. Mtu ndiye aliyekuwa amepungua, na alipungua kwa kufuata agizo langu. Tunajua siku hizi kwamba picha na maumivu haviendi sambamba: wapo watu wenye picha ya kutisha wanaolima, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku. Mimi sikulijua hilo kwa moyo wakati ule, na mwalimu ndiye aliyelipa ada.

Sasa kuna jibu ambalo akina mama wa huku mlimani hunipa, nalo ni zito, sipendi kulipita haraka. Wananiambia, "Mazoezi gani tena, mwanangu? Mimi ninatembea kutwa, ninabeba majani, ninabeba mkungu wa ndizi, ninafagia uwanja nimeinama. Kama mazoezi yangekuwa dawa, ningekuwa nimepona." Kwa muda mrefu sikuwa na la kuwajibu, kwa sababu wanasema kweli. Siku moja nilimsindikiza mama mmoja kutoka kihambani kwake, yaani shamba lake la migomba, hadi kwenye josho, nikatembea nyuma yake nikimtazama miguu. Kupanda alipanda vizuri. Wakati wa kushuka, akiwa na mzigo kichwani, alikuwa akigeuka ubavu, akitanguliza mguu mmoja uleule kila hatua, na ule mwingine akiuburuta ufuate, kidole gumba kikikwama kwenye mizizi. Kushuka ndiko kunakoudai msuli wa paja kuliko kupanda, kwa kuwa lazima ukaze huku ukirefuka, na msuli wake ulikuwa hauna tena cha kutoa.

Hapo nikaelewa tofauti. Kazi ya shamba haimuulizi mtu ana nguvu kiasi gani leo. Majani yana uzito wake, ng'ombe ana njaa yake, na mteremko hauna mahali pa kuweka mzigo chini bila kuomba msaada wa kuutwika tena. Kazi hiyo hukipa kiungo mzigo uleule, upande uleule, hata baada ya msuli kuchoka. Mazoezi ni kinyume chake: kipimo ni chako, unaanza chini ya uwezo wako, unasimama unapotaka, unaongeza wiki kwa wiki, na unalenga msuli uliolala. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja ya mwili iliyopungua iliupunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Hesabu hiyo ilipimwa kwa uzito wa mwili, haikupimwa kwa majani ya kichwani, lakini inatosha kutufanya tufikirie kugawa mzigo mmoja kuwa safari mbili. Mama yule sasa anafanya safari mbili. Analalamika kwamba anachelewa, na sina jibu la lalamiko hilo, kwa sababu muda ni kizuizi cha kweli na mimi sina muda wa kumgawia.

Kizuizi kingine tumekivika nguo ya heshima. Mtoto anarudi kutoka Dar es Salaam wakati wa Krismasi, anamkuta mama yake anachechemea, anahuzunika, na kabla hajaondoka anaajiri dada wa kazi, ananunua kiti cha plastiki chenye mikono, anakiweka barazani na kusema, "Mama, umetulea vya kutosha, sasa kaa tu." Ni neno la upendo na adabu, na mimi siwezi kumlaumu. Lakini vijana mliomo humu naomba mnisikilize: mkimpokea mama ndoo ya lita ishirini mmefanya vema, mkimzuia asiinuke kuchukua kikombe chake mwenyewe mnamnyang'anya safari kumi za siku ambazo ndizo zilikuwa zikiushikilia msuli wake. Adabu yetu inawakalisha wazee. Afadhali mmnunulie kiti kirefu kidogo, ambacho anaweza kukiinukia bila kushikwa, kuliko kile cha chini kinachommeza.

Na aibu nayo ipo. Huku kwetu mtu mzima anatembea kwa sababu anakwenda mahali. Mama wa miaka sitini akionekana barabarani mikono mitupu, anakwenda na kurudi, atasalimiwa na kuulizwa na kila mtu, "Unaenda wapi?" na akijibu kwamba haendi popote, wataulizana kama ni mzima. Mama mmoja alinipa siri yake, nami naitoa kwa ruhusa yake: kila jioni hubeba kikapu kitupu. Watu wanadhani anakwenda dukani. Amekitembeza kikapu hicho kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, na ningependa siku ifike ambapo hatakihitaji, ila kwa leo nakiheshimu kama kifaa cha tiba.

Vizuizi vya nje mnavijua kuliko mimi, kwa hiyo nitavipita upesi: nauli, kidato kirefu cha kuingilia daladala, utelezi wa masika, na choo cha shimo kinachomtaka mtu achuchumae pasipo na cha kushika, ambacho kipande cha mti kilichopigiliwa ukutani kingekisaidia sana. Wataalamu wa fiziotherapia nao ni wachache na wengi wapo kwenye hospitali kubwa. Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, idara yetu ilikuwa ghorofani na hakukuwa na lifti. Mgonjwa wa goti alipanda ngazi ishirini na tatu ili aje afundishwe namna ya kupanda ngazi. Asiporudi mara ya pili, tuliandika kwenye faili lake kwamba hakuhudhuria.

Kuhusu vidonge nitasema neno moja. Diklofenaki na ndugu zake zinapunguza maumivu, na kuna wakati zinafaa, lakini kuzinunua dukani mwezi baada ya mwezi bila kupimwa kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Mtu anayemeza kidonge ili aweze kubeba mzigo uleule wa jana anamnyamazisha mlinzi badala ya kufunga mlango. Kidonge kilichokubaliwa na daktari, kikamezwa ili mtu aweze kufanya mazoezi, ni jambo tofauti kabisa.

Hapa nitenganishe magonjwa, kwa sababu jina baridi yabisi linayakusanya yote kwenye kapu moja. Mtu ambaye viungo vidogo vya mikono miwili vinavimba, na asubuhi kukaza kwa viungo kunadumu saa nzima au zaidi, huenda ana athritisi ya rumatoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvishambulia viungo vyenyewe. Huyo kwanza anahitaji daktari na dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe. Mazoezi peke yake hayatamtosha. Zamani wagonjwa hawa waliamriwa kupumzika. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 309 kwa miaka miwili, ambapo nusu yao walifanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara. Waliofanya mazoezi walikuwa na uwezo zaidi wa kufanya shughuli zao, na kwa ujumla viungo vyao vikubwa havikuharibika zaidi kuliko vya wenzao, ingawa waandishi walitoa tahadhari kwa wale ambao viungo hivyo vilikuwa vimekwisha kuharibika sana. Mwenye shambulio la jongo, kidole gumba cha mguu kikiwa chekundu na kinawaka, apumzike hadi shambulio lipite. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mtu ana homa, hilo si suala la mazoezi wala la kusubiri Jumatatu. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wenye osteoathritisi, mfano wa tiba ninaoupenda ni wa Denmaki, ulioanza mwaka 2013 na kusambaa hadi Australia, Kanada na nchi nyingine. Wagonjwa hupewa masomo mawili ya kuuelewa ugonjwa, kisha mazoezi 12 ya pamoja chini ya msimamizi kwa wiki sita. Ninaupenda kwa sababu hauhitaji mashine kubwa, na kwa sababu unaanza na kuelewa kabla ya kuinua mguu. Nafuu yake isikuzwe. Kwa watu wengi ni nafuu ya kiasi, inayokaribiana na ile ya vidonge vya maumivu, ila hii haitoboi tumbo, na hudumu kwa kadiri mtu anavyoendelea.

Katika mfano huo kuna kanuni moja ambayo naona ingewafikia wengi zaidi kuliko hotuba zetu zote, nayo inahusu maumivu yenyewe. Wagonjwa hawaambiwi wasubiri hadi maumivu yaishe ndipo waanze. Wanaambiwa mazoezi yanaweza kuuma, na wanafundishwa kupima yanauma kiasi gani. Mimi hutumia vidole vya mikono miwili. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu. Vidole kumi ni maumivu yasiyovumilika. Ukifanya zoezi na maumivu yakawa ya vidole viwili, endelea bila wasiwasi. Yakifika vitano, yaani mkono mmoja, bado yanakubalika. Yakihamia mkono wa pili, punguza: kiti kiwe kirefu zaidi, marudio yawe machache. Kisha subiri kesho saa kama hiyohiyo. Kama maumivu yamerudi pale yalipokuwa kabla ya zoezi, kipimo kilikuwa sawa. Kama bado yapo juu, hujaharibu kitu, ulizidisha tu, na mara ijayo utapunguza. Nyama za paja kuuma ukizishika siku ya pili ni jambo jingine. Huo ni msuli uliokuwa umelala unaulizia nani kauamsha.

Mama niliyemsindikiza kihambani alianza kwa kiti. Nilimwomba ainuke na kuketi bila kutumia mikono kwa nusu dakika, akaweza mara sita, na mara ya sita aliinua vidole vinne kunionyesha maumivu. Alifanya hivyo nyumbani siku tatu kwa wiki, marudio machache, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na kitenge kimekunjwa juu yake ili kiwe kirefu. Baada ya wiki nane aliweza mara kumi na moja. Nilimuuliza kama goti limeacha kuuma, nikitarajia sifa. Akanijibu, "Bado linauma. Lakini zamani lilikuwa linauma nikiwa kitandani, sasa linauma nikiwa nimetoka sokoni." Nimelitafakari sana jibu hilo, na kila ninapomwandikia mgonjwa mpya lengo la matibabu huwa nalikumbuka, maana fomu yetu ina nafasi ya kuandika kiwango cha maumivu na haina nafasi ya kuandika yanauma akiwa wapi.

Jambo la mwisho ni la mkongojo, kwa kuwa tangu asubuhi nimekuwa nikiwatazama mlivyoingia. Karibu wote mmeushika upande wa mguu unaouma, na ndivyo akili inavyotuma. Ushikeni mkono wa upande wa pili. Goti la kulia likiuma, mkongojo uwe mkono wa kushoto, na utangulie pamoja na ule mguu wa kulia, ili uzito ugawanyike kati ya mkono na mguu badala ya kuulemea mguu peke yake. Mpini wake uwe usawa wa kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima. Mrefu kupita hapo humwinua bega na kumchosha.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimekubaliana naye kwamba dakika kumi zilizobaki zisiwe za maswali bali za viti. Nawaomba vijana mviegemeze viti vya mbao kwenye ukuta ule, visiteleze. Walio na viti vya plastiki vya chini wabadilishane na wenzao. Asiyeweza kuinuka bila mikono, atumie mikono, tutamhesabia vilevile. Baba wa mstari wa mbele, hamishia mkongojo mkono wa kushoto kwanza, kisha usogee hadi ukingoni mwa kiti, miguu nyuma kidogo ya magoti. Ninahesabu mimi, na kila mmoja awe tayari kunionyesha vidole.